Baruti ya bei nafuu na gharama isiyoandikwa kwenye risiti

MJENZI anayenunua mawe katika ukanda wa Mugutha, Juja na Ndarugu huuliza mambo matatu: bei ya futi moja, gharama ya lori na siku atakayofikishiwa mzigo. Ni nadra kumsikia akiuliza mawe hayo yalitolewa vipi ardhini.

Hata hivyo, jibu la swali hilo ambalo haliulizwi ndilo linaloamua mengi. Ndilo linaloamua iwapo jiwe lina ufa ambao fundi hatauona hadi alipige nyundo, iwapo jirani wa timbo atalala bila kuhofia ukuta wake, na iwapo kibarua aliyelichimba jiwe hilo atarejea kwake jioni akiwa mzima.

Swali hili limekuwa zito zaidi katika miaka ya karibuni kwa sababu ya kasi ya ujenzi. Katika sensa ya 2009, mji wa Ruiru ulikuwa na wakazi 238,858. Kufikia sensa ya 2019, idadi hiyo ilikuwa imepanda hadi 490,120. Barabara kuu ya Thika iliyopanuliwa kati ya 2009 na 2012 ilifanya safari ya kwenda Nairobi kuwa nyepesi, na mashamba ya kahawa na mkonge yaliyotenganisha miji ya eneo hili yakaanza kugeuka viwanja vya nyumba.

Aidha, Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu iliyotiwa saini Machi 2024 iliweka tozo ya asilimia 1.5 kwa mshahara wa mfanyakazi, na mwajiri akatakiwa kuongeza kiasi sawa na hicho. Fedha hizo ni za kujenga nyumba, na nyumba nyingi katika nchi hii bado hujengwa kwa mawe.

Hivyo basi, mahitaji ya mawe yanaongezeka wakati ule ule ambapo makazi ya watu yanazidi kuyakaribia matimbo. Katika hali kama hiyo, mwenye timbo anayetaka kupunguza gharama huanza na kile anachokinunua mara kwa mara: baruti. Nayo hesabu yake mara nyingi huishia kwenye bei ya kilo.

Hapo ndipo kosa linapoanzia. Bei ya kilo ya baruti haisemi lolote kuhusu thamani ya baruti hiyo. Thamani hujulikana baada ya moshi kutoweka, mawe yakahesabiwa na majirani wakatoka nje kutazama kuta zao.

Baruti si moja

Neno baruti katika mazungumzo ya kila siku hutumika kwa kila kitu kinacholipua mwamba. Lakini vitu vinavyoitwa kwa jina hilo vinatofautiana kama mkokoteni na lori.

Ya kwanza na ya kale zaidi ni baruti nyeusi, ambayo ni mchanganyiko wa chumvi ya shura, makaa na kiberiti. Hii ndiyo iliyokuwa ikishindiliwa kwenye mdomo wa gobore kabla ya risasi za kisasa kuenea. Baruti hii huwaka kwa kasi ya mamia ya mita kwa sekunde. Kwa jicho la binadamu hiyo ni kufumba na kufumbua, ila kwa mwamba ni mwendo wa taratibu. Gesi yake hujaa ndani ya tundu na kuusukuma mwamba hadi upasuke pale ulipo dhaifu.

Ya pili ni familia ya vilipuzi vikali. Mswidi Alfred Nobel alipata hataza ya dainamiti mnamo 1867, na tangu miaka ya 1950 vilipuzi vinavyotokana na chumvi ya amonia vimechukua sehemu kubwa ya kazi za migodi duniani kwa sababu ya bei yake ya chini. Vilipuzi hivi haviwaki kwa kusukuma tu. Hutoa wimbi la mshtuko linalokwenda kwa maelfu ya mita kwa sekunde na kuuponda mwamba ulio karibu kabla gesi haijaanza kuusukuma.

Tofauti hiyo ya kasi ndiyo msingi wa hesabu yote. Anayetaka kokoto hunufaika na mwamba uliopondeka, kwa sababu kila kipande kilichovunjwa timboni ni kazi iliyopunguziwa mashine ya kusagia. Anayetaka jiwe la kujengea hupata hasara kwa mlipuko huo huo, kwa sababu jiwe linalofaa kwa ukuta ni lile lililotoka likiwa kubwa, zima na lisilo na nyufa za ndani.

Eneo la Thika na Ruiru limejaliwa mawe ya aina zote mbili. Kuna mwamba mgumu wa volkano unaofaa kwa kokoto na barabara, na kuna jiwe laini zaidi lililotokana na majivu ya volkano yaliyoshikamana, ambalo huchongwa na kukatwa kwa urahisi. Majirani wawili wanaweza kuwa na matimbo yanayopakana na bado baruti iliyo nafuu kwa mmoja ikawa ghali kwa mwenzake.

Funzo la gobore

Watumiaji wa gobore walilitambua suala hili zamani. Mwaka wa 1890, mkataba wa Brussels kuhusu biashara ya watumwa ulipiga marufuku uingizaji wa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini ukaacha mlango mdogo wazi kwa magobore na baruti ya kawaida, ile ya biashara. Mataifa yaliyotia saini yalijua kwamba baruti hafifu katika silaha hafifu haikuwa na thamani sawa na risasi za kisasa, hata kama mizani ingeonyesha uzito ule ule.

Nchini Marekani, ambako majimbo mengi bado yana msimu maalumu wa kuwinda kwa bunduki za kushindilia, wawindaji huendelea kulinganisha bei ya baruti nyeusi na ile mbadala. Mojawapo ya baruti mbadala zinazojulikana, Pyrodex, ni nyepesi kuliko baruti nyeusi na hupimwa kwa ujazo badala ya uzito. Kwa hiyo kopo lenye uzito sawa hutoa milio mingi zaidi. Anayelinganisha bei ya kilo pekee atadhani amepunjwa, ilhali anayehesabu milio atapata jibu tofauti.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, na gobore halina soko halali la kuzungumzia hapa. Lakini kanuni ya wawindaji hao inahamishika hadi timboni bila tatizo. Wao huhesabu milio. Mwenye timbo naye anapaswa kuhesabu mawe yanayouzika.

Hesabu ya mfano

Tuchukue takwimu za kubuni, kwa ajili ya kurahisisha hesabu tu. Timbo la kwanza linatumia kilipuzi kikali cha bei ya chini. Gharama ya kutoboa mwamba na kuulipua inafika Sh20,000, na baada ya mlipuko mawe yanayofaa kuchongwa ni futi 500. Mengine yamepasuka na yatauzwa kama vifusi vya kujazia msingi.

Timbo la pili linatumia baruti ya kusukuma, kwa kiasi kidogo katika kila tundu, na linatoboa matundu mengi yaliyokaribiana. Gharama inapanda hadi Sh30,000. Hata hivyo, mawe yanayofaa ni futi 800.

Aliyetazama risiti ya baruti atasema timbo la kwanza limeokoa Sh10,000. Aliyehesabu mawe ataona kwamba kila futi ya timbo la kwanza imegharimu Sh40, na ya timbo la pili Sh37.50. Timbo la pili pia lina futi 300 zaidi za kuuza kutoka kwa mwamba wa ukubwa ule ule.

Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Mwamba hauoti tena. Timbo linalopoteza nusu ya jiwe lake kwa kulipua vibaya litamaliza ardhi yake mapema, na mwenyewe atalazimika kununua au kukodi ardhi nyingine katika eneo ambalo bei ya ploti hupanda kila mwaka.

Kwa upande wa mnunuzi, jiwe lililotikiswa sana huvunjika likipakiwa, likishushwa na likichongwa. Fundi huyatupa pembeni mawe hayo na kuagiza mengine. Mwenye nyumba hulipia lori la pili bila kujua kwamba alichokilipia ni akiba ya mtu mwingine.

Mvua nayo ina bei

Kuna jambo jingine ambalo bei ya kilo hulificha, nalo ni maji. Historia ya baruti ina mfano wa wazi. Mnamo 1857, Mmarekani Lammot du Pont alipata hataza ya baruti ya kulipulia miamba iliyotumia chumvi ya sodiamu kutoka Amerika Kusini badala ya chumvi ya shura iliyoagizwa kutoka India. Bei ilishuka, na wachimba migodi wakainunua kwa wingi. Kasoro yake ilikuwa kwamba ilivuta unyevu haraka, kwa hiyo haikufaa kuwekwa kwa muda mrefu na haikuwa mbadala mzuri kwenye bunduki.

Vilipuzi rahisi vya chumvi ya amonia vina udhaifu unaofanana na huo, kwani chumvi hiyo huyeyuka ndani ya maji. Baruti nyeusi pia huharibika ikilowa. Vile vinavyostahimili maji vipo, ila ni ghali zaidi.

Ukanda wa Ruiru na Thika hupata mvua ndefu kati ya Machi na Mei, na mvua fupi kati ya Oktoba na Disemba. Hiyo ni takriban nusu ya mwaka ambapo tundu lililotobolewa jana laweza kuwa na maji leo. Baruti ya bei nafuu iliyowekwa ndani ya tundu kama hilo inaweza kulipuka nusu au isilipuke kabisa.

Mlipuko uliokataa ndio unaoogopwa zaidi na wenye uzoefu wa kazi hii. Kazi husimama, vibarua hukaa bila kuzalisha, na mtu mwenye ujuzi hulazimika kushughulikia tundu ambalo bado lina hatari ndani yake. Ikiwa aliyepo si mwenye ujuzi, gharama huacha kuhesabiwa kwa shilingi.

Bei ya vilipuzi vya amonia pia hufungamana na soko la mbolea duniani, kwa kuwa malighafi yake ni moja. Baada ya Urusi kuivamia Ukraine mnamo Februari 2022, wakulima wa Kenya walishuhudia bei ya mbolea ikipaa. Biashara inayotegemea kilipuzi cha aina moja kwa sababu tu ni rahisi leo, imejifunga kwenye misukosuko ambayo haianzii Kiambu wala haiishii hapo.

Gharama ya jirani

Hadi hapa tumezungumzia hasara ambazo mwenye timbo mwenyewe angeweza kuziona akikaa na kalamu na karatasi. Zipo nyingine ambazo hazimfikii, na kwa sababu hiyo hana haraka ya kuzihesabu.

Ya kwanza ni mtetemo. Nguvu ya mtetemo unaoifikia nyumba hutegemea zaidi mambo mawili: umbali wa nyumba hiyo, na kiasi cha kilipuzi kinacholipuka kwa wakati mmoja. Matundu kumi yanayolipuka kwa pamoja huitikisa ardhi kuliko matundu kumi yanayopishana kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Vifaa vya kuyapishanisha vinauzwa, na bei yake ni zaidi ya ile ya utambi wa kawaida. Anayeviacha ili kubana matumizi hajaiondoa gharama hiyo. Ameihamishia kwenye ukuta wa jirani.

Kenya ina kanuni kuhusu jambo hili. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za 2009, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya 1999, zinaweka kikomo cha mtetemo cha nusu sentimita kwa sekunde nje ya mpaka wa eneo unakotoka. Hicho ni kipimo kinachoweza kusomwa kwa chombo na kuandikwa. Lakini bila chombo hicho kuwekwa kwenye mpaka siku ya kulipua, mwananchi mwenye ukuta uliopasuka hubaki akibishana na mwenye timbo kuhusu nani aliyejenga vibaya.

Ya pili ni gharama ya mfanyakazi. Chini ya Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007, kifo kinachotokea kazini humwajibisha mwajiri kulipa fidia inayolingana na mapato ya miezi 96 ya marehemu. Hiyo ni miaka minane ya mshahara. Hakuna punguzo la bei ya baruti linaloweza kufidia hesabu hiyo, achilia mbali uchungu wa familia. Tatizo ni kwamba kibarua wa kutwa asiye na barua ya kazi wala jina lake kwenye daftari ana kibarua kingine kigumu cha kuthibitisha kwamba alikuwa mfanyakazi.

Ifahamike pia kwamba upole wa baruti nyeusi kwa mwamba si upole kwa binadamu. Huwashwa na cheche ndogo tu, ilhali vilipuzi vingi vya kisasa haviwaki kwa urahisi hivyo bila kifaa maalumu. Inayoliokoa jiwe inaweza kuwa hatari zaidi mikononi mwa anayeibeba. Kwa hiyo anayeichagua kwa ajili ya thamani ya mawe anapaswa kulipia pia ghala salama, mafunzo na nidhamu ya kazi.

Ya tatu ni shimo lenyewe. Timbo likishamalizika, mwenyewe huondoka na mvua huja. Katika Kaunti ya Kiambu na maeneo jirani, visa vya watoto na vijana kufa maji katika matimbo yaliyoachwa vimeripotiwa mara nyingi. Gharama ya kulijaza shimo au kulizungushia ua haikuwahi kuwa sehemu ya bei ya futi moja ya jiwe.

Je, baruti inahitajika?

Kwa jiwe la kujengea, ulinganisho wa haki hauna budi kujumuisha njia zisizotumia baruti kabisa.

Njia ya kale ni ya kabari: matundu madogo hutobolewa kwa mstari, kabari za chuma zikapigwa ndani yake hadi mwamba upasuke. Ni kazi ya polepole na ya jasho, lakini jiwe hutoka likiwa zima na jirani hasikii zaidi ya sauti ya nyundo.

Njia ya kisasa zaidi ni mashine za misumeno, ambazo zimeyapa mawe ya Ndarugu sifa miongoni mwa wajenzi wa Nairobi na viunga vyake. Jiwe la mashine lina pande zilizonyooka, hivyo fundi hutumia saruji kidogo zaidi kuliunganisha na kuta nyingi hazihitaji kupigwa lipu kwa nje. Bei yake kwa futi huwa juu kuliko ya jiwe la kuchongwa kwa mkono, lakini sehemu ya tofauti hiyo hurudi kwenye mfuko wa mnunuzi kupitia saruji na muda aliookoa.

Ipo pia poda maalumu inayochanganywa na maji na kumiminwa ndani ya matundu, ambayo hujipanua kwa muda wa saa kadhaa na kuupasua mwamba kimyakimya. Kwa kilo, poda hii ni ghali kuliko vilipuzi vya kawaida. Lakini haitikisi ardhi wala hairushi mawe, na kwa timbo lililozungukwa na nyumba hiyo inaweza kuwa tofauti kati ya kuendelea na kufungwa.

Mashine nazo zina gharama zake. Zinataka mtaji, mafuta au umeme, na maji. Vumbi lake huumiza mapafu ya asiyevaa kinga. Pia hupunguza idadi ya vibarua, na hilo si jambo dogo katika eneo ambalo vijana wengi hutegemea timbo kupata chakula cha siku.

Hoja ya wenye matimbo

Wenye matimbo madogo wana hoja inayostahili kusikizwa. Wanasema kwamba kila sharti jipya ni gharama mpya, kwamba wenye mitaji mikubwa watalimudu na wao watafukuzwa sokoni, na kwamba mwishowe bei ya nyumba itapanda kwa mwananchi yule yule anayedaiwa kulindwa.

Kuna ukweli ndani ya hoja hiyo. Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115 ya Sheria za Kenya, inataka vibali vya kununua, kuhifadhi na kutumia baruti, na masharti hayo yana sababu nzuri. Tangu shambulio la bomu la Agosti 7, 1998 jijini Nairobi, lililowaua zaidi ya watu 200, Mkenya hahitaji kuelezwa kwa nini kila kilo ya kilipuzi inafaa kujulikana ilikotoka na ilikokwenda. Lakini masharti yakiwa mazito kuliko uwezo wa mdogo, baadhi yao huyakwepa. Hukodi mtu asiye na kibali, hulipua jioni au mapema alfajiri, na hununua baruti isiyo na karatasi. Hapo bei huwa ya chini kwelikweli, na hatari huwa ya juu kuliko zote.

Dawa ya hali hiyo haitakuwa kulegeza sheria, bali kuigawa gharama yake. Matimbo matano au sita yaliyo katika eneo moja yanaweza kuungana na kumwajiri mlipuaji mmoja mwenye kibali, kutumia ghala moja linalokaguliwa, na kununua chombo kimoja cha kupima mtetemo. Muungano kama huo unaweza pia kupanga siku na saa za kulipua na kuwatangazia wakazi mapema. Ushirika si jambo geni Kiambu. Wakulima wa kahawa wa kaunti hiyo wamekuwa wakiuza mazao yao kwa njia hiyo kwa miongo mingi.

Sheria ya Madini ya 2016 nayo ilileta nyenzo mbili zinazofaa hapa. Inatambua dhamana ya mazingira, yaani fedha au ahadi inayowekwa kabla ya uchimbaji ili shimo lisiachwe bila mwenyewe. Vilevile, inaelekeza kwamba mrabaha wa madini ugawanywe kwa kiwango cha asilimia 70 kwa Serikali ya Kitaifa, asilimia 20 kwa kaunti na asilimia 10 kwa jamii inakochimbwa. Kwa kufanya hivyo, sheria ilikiri kwamba jirani wa mgodi ana haki katika faida. Itakuwa ajabu jirani huyo akikumbukwa kwenye mrabaha na kusahauliwa kwenye mtetemo.

Nani aulize?

Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza swali kabla ya mlipuko. Kaunti hutoza ushuru kwa kila lori la mawe linalotoka timboni. Lori hilo lingeweza kubeba pia karatasi moja inayoonyesha timbo lililotoa mzigo na kibali cha aliyelipua. Karatasi hiyo haingeongeza gharama kubwa, lakini ingemfanya mnunuzi ajue ananunua nini.

Serikali nayo ni mnunuzi. Miradi ya nyumba inayogharamiwa na tozo ya wafanyakazi inaweza kuweka sharti kwamba mawe yake yatoke katika matimbo yenye vibali na kumbukumbu za mitetemo. Mnunuzi mkubwa akidai jambo, soko hulisikia haraka kuliko linavyosikia mkaguzi anayefika mara moja kwa mwaka. Isitoshe, haitakuwa haki kwa mfanyakazi wa Ruiru kukatwa mshahara ili kujenga nyumba moja huku nyumba yake mwenyewe ikipasuka kwa sababu ya mawe ya nyumba hiyo.

Nao wakazi wa Mugutha na vitongoji vyake wasisubiri hadi ufa utokee. Picha ya ukuta iliyopigwa kabla timbo halijaanza kulipua ina nguvu kuliko malalamiko elfu moja baadaye. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama, lakini haki isiyo na ushahidi hupata taabu kufika mahakamani.

Wahenga walisema rahisi inavunja upishi. Katika matimbo ya ukanda huu, rahisi huvunja jiwe, ukuta na wakati mwingine mguu wa mtu. Mwenye timbo atakayeanza kuhesabu kwa futi ya jiwe zima badala ya kilo ya baruti atagundua kwamba sehemu kubwa ya kile alichokiita akiba ilikuwa hasara yake mwenyewe. Sehemu iliyobaki ni ya jirani, na hiyo haitaingia kwenye risiti hadi kaunti, serikali na mnunuzi waitake iandikwe humo.